Zero ya neuropsychologie

Rosette, zero yangu inabaki zero. Niko kwa stesheni hapa Lilongwe, bado sijapanda minibus ya kurudi kambini Dzaleka.

Niliingia kwa Dokta Chisale, professeur wangu. Nikamuelezea: siku ya examen, ule mutihani wa mwisho, njo siku balinipigia simu kutoka Uvira, kaka Delphin amekufa kwa risasi. Nikabaki kambini kwa kilio.

Akafungua karatasi ya masharti ya cours, lile somo lake, akaweka kidole kwa mustari. Mwenye kukosa examen juu ya kifo alete cheti cha kifo chenye muhuri wa serikali, mbele siku saba ziishe. Kama hapana, zero. Na ile examen ni sitini kwa mia!

Cheti cha kifo! Uvira ya leo iko mikononi mwa waasi, nani anaandika cheti?

Nikamuonyesha barua ya pasteur. "Pasteur si serikali." Nikamuonyesha foto ya kaburi mu telefone. Akageuza macho. Akasema polepole, "Basi omba benye kuongoza kule bakuandikie."

Benye kuongoza kule, Rosette!! Njo bale bale balimuua Delphin. Nibatumie jina lake na langu, nibaombe muhuri?

Sikumuambia Dokta ile. Ningeanzia wapi? Si mutu mubaya, hata alinivutia kiti.

Nikafunga telefone, nikasimama. Nikasema, "Zikomo, Dokta."

Rosette, nilimuambia asante.