Kikaratasi Kilichogeuka Chekundu

Masuguru, Korogwe

Mjukuu wangu Rehema,

Salamu zako zimetufikia. Macho ya babu yako yamezidi kufifia, lakini kila siku anakuulizia. Mama yako mdogo amehamia Mombo, anauzia abiria chakula.

Umeniuliza kama kipimo changu cha kwanza kilifanya kazi. Kilifanya. Nilikuwa bado kijana, nimetoka maabara na vikaratasi tulivyovitia kimeng'enya na dawa, vinavyobadilika rangi vikikuta sumu ya muhogo mchungu. Nikavipeleka kijiji kimoja cha Handeni, mwaka wa ukame.

Mama Zaina alinipa unga wake wa makopa, muhogo uliokaushwa, nipime. Kikaratasi kikawa chekundu, nami nikafurahi kuona kazi yangu imejibu.

"Usiwapikie watoto unga huu, una sumu," nikamwambia. "Muhogo ulowekwe kwanza, siku kadhaa."

"Maji ya kulowekea tutayatoa wapi?" akauliza taratibu. "Na leo watoto wale nini?"

Akasonga ugali, watoto wakala.

Niliporudi mvua zilipoanza, Zaina, binti yake mkubwa, alikuwa anatembelea magongo. Miguu ilikuwa imekakamaa kwa sumu ile ya muhogo, na haikupona tena.

Sikuacha utafiti, na vipimo vile vimewasaidia wengine. Lakini tangu hapo, kila nyumba niliyoingia, kabla ya kufungua mkoba wangu niliuliza kwanza wana nini cha kula.

Nakuombea heri huko uliko.

Bibi yako,
Mwanahamisi