Mkono wa Rhoda

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimemkuta Rhoda sokoni. Hapa Masuguru vijana wameweka meza ya mpira ule wa vibao, nikamvuta twende! Zamani tulikuwa timu moja, timu ya wanawake ya shamba la mkonge. Sketi nyeupe, vibao vya mbao, watu wamejaa klabuni mpaka madirishani. Rhoda akipiga, mpira wenyewe huuoni. Raha jamani!

Akakataa. Nikambembeleza. Mipira mitatu tu — kibao puu chini, machozi yanamtoka.

Eti mkono huo haujawahi kupona. Tangu lini? Tangu mashindano ya Handeni, anasema.

Handeni! Si mwaka tisini na nne huo!

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimempeleka hospitali, kapigwa picha. Daktari Erasto — mdogo, anatuamkia shikamoo mama zangu — katuonyesha kifupa kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Kilivunjika zamani, hakikuunga. Rhoda akasema alikuwa anakimbilia mpira, akaanguka, akajikinga na kiganja. Daktari anasema wachezaji wengi hivyo hivyo, wanadhani wameteguka, wanachua tu. Angefungwa plasta siku zile, kingeunga. Sasa ni Moshi, hospitali kubwa, kupasuliwa.

Na aliyemchua mimi! Mafuta ya moto, navuta, yeye analia, nasema vumilia.

Halafu liko lingine, hilo sijamwambia mtu, na mimi kwa kusema watu wananijua. Aliposema fainali hawezi, nani alipitisha maneno kwamba anajifanya, kawaogopa wa Handeni? Mimi. Nikafika mpaka kwa kocha. Kocha akamtoa kwenye timu. Hakurudi tena klabuni.

Na ile salamu yake! Anakupa wa kulia, wa kushoto umeshika kifundo. Tukimsifia: Washambaa wana adabu bwana! Kumbe anashikilia maumivu. Miaka thelathini na moja.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Kesho anapanda basi la Moshi. Nimeenda kwake mara tatu nimwambie. Mara zote nimeishia umbea wa jirani, mke wa Muhidini!

Sasa hivi kaja mwenyewe. Kaleta kibao chake cha zamani, nimtunzie. Anacheka, eti akirudi tuwafuate Handeni hukohuko. Nikacheka.

Halafu akauliza, taratibu tu — hivi Hamisa, nani vile alisema najifanya? Wewe hakuna usilolijua.

Nikasema ngoja niangalie chai.

Niko jikoni na daftari. Chai imeshachemka, imemwagika, imezima moto. Anaita — wee Hamisa, chai gani hiyo haiivi?

Nakuja, nimemwambia. Nakuja