Msala wa Alasiri

Jumanne, baada ya isha.

Imekuja tena. Nilichelewa siku tisa, nilikuwa nshachagua jina, na leo alasiri nikaona damu.

Daktari alinieleza: mimba isipotunga, homoni hushuka na ukuta wa mji wa uzazi hubomoka. Alisema kama anazungumzia nyumba ya mtu mwengine.

Mama mkwe hunijua kwa msala, maana mwenye hedhi hasali. Nikipitisha sala moja bila kuutandika, huguna: "Bado tu, mwanangu?"

Leo nisingestahamili. Nilitandika mbele yake, nikarukuu, nikasujudu, ilhali nna damu. Sikusoma hata neno. Mungu wangu, nisamehe.

Nilipotoa salamu alinishika mkono, machozi yakimlenga. "Safari hii naona heri."

Ameshasema alfajiri ataniamsha tusali pamoja.