Hesabu za Ndege ya Mgeni Wake

Shoga, nitapasuka! Mume wangu yuko mezani na kalamu, anapiga hesabu za ndege!

Yule mwanamke aliyesoma naye chuo anakuja kesho. Kilomita elfu nane, kagawa kwa mwendo wa ndege, kapata masaa kumi. Eti, “Nataka akitoka tu anione.”

AKITOKA TU ANIONE!!! Mimi niliporudi kutoka kwa mama nilimsubiri stendi mpaka nikaota mizizi. Eti alipitiwa na usingizi.

Sasa sikia. Saa ya kuondoka kaandika ya huko, na huko wako mbele yetu kwa masaa matano. Hajayatoa! Bibie atatua, atamsubiri weee.

Kaniuliza, “Mke wangu, nimepatia?”

Nikamwambia umepatia kabisa. Na shati nimempigia pasi.