Mbwa wa Mume Wangu Analikojolea Kabati Langu la Harusi

Na ule mkojo niliokuandikia habari zake mara ya kwanza, mshauri wangu mpendwa, sasa naona ulikuwa salamu tu, mambo yenyewe yalikuwa bado njiani. Ulinijibu kwa kifupi kwamba mbwa mzee akianza kukojoa ndani apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kupelekwa mahakamani, nikacheka, nikamsomea mume wangu, naye akacheka, tukampeleka. Kwa hiyo usiniambie tena nimpeleke, tumeshampeleka, nataka msaada mwingine, maana hapa nilipo maji yamenifika shingoni.

Nikukumbushe mimi ni nani, najua barua unazopata ni nyingi. Mimi ndiye yule muuza vitambaa aliyeolewa na fundi wa makochi. Tulijuana dukani kwetu, alikuja kununua kitambaa cha kochi mita moja, kesho yake akaja tena mita moja, akawa anakuja hivyo hivyo mita moja mita moja, mpaka bosi wangu akaniuliza, "Huyu anashonea kuku makochi?" na mimi nilidhani ni uhaba wa fedha tu, kumbe anakuja kuniona mimi, na mpaka leo nikikumbuka moyo wangu unayeyuka kama siagi juani. Nina furaha, mshauri. Sijui kama ni adabu kusema hivyo kwenye barua ya malalamiko, lakini nina mume ambaye akiwa kazini anapiga mluzi, na ule mluzi nikiusikia unakaribia nyumbani nakimbilia kioo.

Nilipoingia kwake nilikuta kochi moja la kale lililobonyea katikati, limekaa katikati ya sebule kama nahodha, na stuli, na basi. Mganga hajigangi! Nikamwambia, "Fundi wangu, wateja wako wanakalia mahameli, wewe unakalia nini hiki?" Akasema, "Nilikuwa namsubiri mwenye nyumba." Mwenye nyumba ndiye mimi! Basi tangu harusi kila Jumamosi ananiletea kitu kipya kutoka karakana, na Jumapili tunaigeuza nyumba, leo makochi mapya yako dirishani, wiki ijayo yako ukutani, meza tunaizungusha, kitanda tumekigeuza ili jua la asubuhi litukute usoni, lile kochi la kale akalichukua mtu wa mkokoteni, na mlango wa sebuleni wa kutokea uani tukauziba kwa kabati langu la vyombo, kabati la vioo alilolitengeneza kwa mikono yake kama zawadi ya harusi, kwa sababu mlango ule ulikuwa unaingiza vumbi tu na uani tunaweza kupitia jikoni. Hakuna mchezo mtamu kama huo, mshauri, yeye anashika huku mimi nashika kule, tunacheka mpaka tunaishiwa nguvu tunakikalia tulichokuwa tunakibeba.

Sasa katikati ya raha yote hiyo yupo Meneja.

Meneja ndiye mbwa. Aliitwa hivyo kwa sababu alipokuwa kijana alikuwa anakaa mlangoni mwa karakana anamkagua kila mteja, na asiyempenda haingii. Sasa mdomo umeota mvi na macho yameingia ukungu. Daktari alimpima masikio, figo na kibofu, akasema hivyo havina neno, ni ubongo umezeeka, ni ugonjwa wa kusahau kama unaowapata wazee wetu, hauponi, akatupa vidonge na kutuambia, "Mpeni mahali pa starehe." Fundi wa makochi akiambiwa hivyo unadhani anafanya nini? Alimshonea kitanda cha mahameli ya zambarau, sponji nene kuliko godoro letu sisi! Meneja akakinusa, akakipa mgongo. Analala sakafuni, katikati kabisa ya sebule, pale pasipo na kitu, njiani hasa, kila mtu anamruka na chai mkononi.

Na kabati. Mshauri, analikojolea kabati langu. Si ukuta, si zulia, kabati! Kila asubuhi anakwenda kulisimamia, analikwaruza, ananitazama, analitazama, ananitazama tena, kisha anamwaga hapo hapo bila haya. Nimepaka siki, nimepaka ndimu, nimepiga magoti nikamuuliza, "Meneja, nimekukosea nini?" Akanilamba pua. Akishakula anakuja kudai chakula kama hajaona kitu tangu jana. Anaingia kwenye pembe anabaki ameutazama ukuta kama mtoto aliyepewa adhabu. Mume wangu, aliyemlea tangu hajafumbua macho, akirudi kazini anabwekewa kama mwizi, anabaki mlangoni na usufi kichwani anasema, "Ni mimi, mzee. Ni mimi." Ila mimi niliyekuja juzi ananifuata kila ninapokwenda, ananikanyaga visigino mpaka msalani. Nani alimwita?

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu anayekaa mtaa wa pili, nilipomlalamikia aliniambia, "Wifi, ukipenda boga penda na ua lake."

Nikamjibu, "Ua gani hilo wifi, linalojimwagilia lenyewe?"

"Cheka tu. Na wewe utazeeka, tutaona utakojolea kabati la nani."

Kilichonimaliza ni wenzangu wa dukani kuja kutazama nyumba. Nilikuwa nimejisifu wiki nzima. Tumekaa, chai imemiminwa, bosi wangu anasifia foronya, mara nyuma ya kochi refu ikatoka sauti kama ya msiba. Meneja alikuwa amejipenyeza kati ya kochi na ukuta, mbele hapapitiki na kurudi kinyumenyume amesahau kunafanywaje. Tukainuka wote, tukavuta kochi, vikombe vikaanguka, Meneja akatoka, akawapita wageni wote kwa heshima zake, akaenda moja kwa moja kwenye kabati. Bosi akaruka kando. Nililia, mshauri, bibi harusi mzima na foronya zangu.

Jioni ile nikamwambia mume wangu kwamba mlinzi wa ghala la saruji anatafuta mbwa, mwezi ukiisha ampe Meneja, kwani mimi siwezi tena. Alikuwa anapima kitambaa. Akakunja futi yake, akasema, "Sawa," bila kunitazama. Tangu hapo hapigi mluzi. Jumamosi imepita hakuleta kitu, anakaa sakafuni kando ya mbwa asiyemjua, nikimuuliza anasema amechoka. Ni mara ya kwanza nyumba yetu inanyamaza na sijui hata kimya hicho kimeingilia wapi. Niambie nifanyeje mume wangu awe yule yule Meneja akishaondoka. Nimnunulie mtoto wa mbwa?

Ni mimi,
Bibi harusi wa fundi makochi

*

Bibi harusi, hongera. Sasa weka chini hiyo ndimu, ukae.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimeudhika, nikairudia nikiwa nimeudhika zaidi, mara ya kwanza na mbwa, mara ya pili na ninyi wawili. Maana umeniandikia kila kitu kwa mkono wako mwenyewe na hukuona ulichokiandika.

Unasema Meneja amekataa mahameli, analala katikati ya sebule pasipo na kitu. Palikuwa na nini hapo kabla hamjaanza mchezo wenu? Kochi la kale. Mbwa wako hajalala njiani. Amelala kwenye kochi lake, ila ninyi mmelitoa kwa mkokoteni na hamkumwambia. Unasema analikwaruza kabati lako, anakutazama, analitazama, anakutazama tena. Binti yangu, kwake yeye hilo si kabati. Ni mlango. Maisha yake yote akibanwa alikwenda pale, akakwaruza, akafunguliwa, akatoka uani kama mbwa mwenye malezi mema. Mpaka leo anafanya hivyo hivyo. Anakuomba ruhusa, wewe unampaka siki! Akishindwa kusubiri ndipo anamwaga, na hata wewe mlango wa msalani ukizibwa kwa kabati la vioo hutafika mbali.

Usilie. Ugonjwa anao, daktari hakukosea, na makochi yenu si yaliyomtia. Lakini aliyesahau anaishi kwa mazoea. Kichwa kikishindwa, miguu ndiyo inayokumbuka, hatua mpaka kwenye maji, kona, mlango. Hayo machache yaliyombakia ninyi mnayapangua kila Jumapili huku mnacheka. Kipya kinyemi kingawa kidonda, wamesema waliotutangulia. Kwa Meneja kinyemi hakipo, ni kidonda tu.

Na huko ghalani unakotaka kumpeleka? Nyumba aliyokulia inampoteza, saruji ya watu itamwelekeza? Mlinzi anataka mbwa wa kumbwekea mwizi. Wewe unampelekea anayembwekea mumeo.

Tuje kwa huyo mumeo, maana ndiye aliyekufanya uandike barua hii, mbwa ni kisingizio. Mtoto wa mbwa wa nini? Mtu anamwona mbwa aliyemlea mwenyewe akisahau sura yake, halafu mwezi ukiisha amtoe mlangoni kwa mkono wake mwenyewe. "Sawa" ile haikuwa ya kukubali. Ilikuwa ya mtu anayeogopa kumkosa mkewe. Na yeye pia ana kesi hapa, mwambie nimesema. Fundi mzima anayejua kupima kochi mpaka kwenye pindo anashindwa kufungua mdomo akasema, "Mke wangu, hili linaniuma"? Mluzi haukatiki wenyewe. Mkae chini, umwambie kwa maneno mepesi, "Meneja haendi popote," kisha unyamaze umwache aseme yake. Usimkatize, na usimsimulie ya foronya.

Leo hii, si Jumapili, shikeni kabati lenu, yeye huku wewe kule, mlitoe kwenye ule mlango. Vumbi litaingia, mtalifuta. Mtoeni uani akiamka, akishakula, na kabla ya kulala, msisubiri aombe, maana siku nyingine atasahau namna ya kuomba. Makochi yaegemezeni ukutani mpaka hapana pa kujipenyeza, kisha yabaki hapo. Mkishikwa na hamu ya kuhamisha vitu, kahamisheni vya karakana. Pale anapolala tandikeni shati la kazi la mumeo, lisilofuliwa, lenye jasho na usufi wake. Mahameli mpeni paka wa jirani. Chakula chake kigaweni kidogo kidogo, akirudi kudai apate kitu cha kupewa bila kuvimbiwa. Taa ndogo iachwe inawaka. Na mumeo akirudi asisimame mlangoni na jua mgongoni, kwa macho yale yenye ukungu yeye ni kivuli tu. Aite kutoka nje, aingie, achuchumae, atoe mkono unuswe. Pua huchelewa kuzeeka. Asipotambuliwa leo, ajaribu kesho, na asichukulie kama tusi.

Wifi yako ana ulimi, mpe na kazi. Mwombe apite mchana mkiwa kazini kumtoa Meneja nje. Atalalamika, lakini atakuja, watu wa ulimi ule huwa wanakuja.

Kisha mrudisheni kwa daktari mkaulize habari ya maumivu, maana mbwa mzee huficha viungo vinavyomuuma. Na sitakudanganya. Haponi. Itafika siku atakataa chakula, au atalia bila kutulizika, au lile shati litakuwa halimwambii kitu. Siku hiyo mtaamua ninyi wawili na daktari, mumeo akiwa amempakata kichwa. Uamuzi kama ule hautolewi kwa sababu vikombe vimeanguka mbele ya bosi.

Umeniuliza pia nani alimwita, kwa nini anakufuata wewe uliyekuja juzi. Mumeo ana miaka mingi ndani ya kichwa kile, na yote imechanganyika, akimtazama hajui amkamate yupi. Wewe huna cha kusahaulika. Kila asubuhi Meneja anaamka hakujui, anakutazama, na kila asubuhi anakuchagua upya. Mtu aliyefuatwa dukani kwa vitambaa vya mita moja moja angepaswa kuijua tabia hiyo.

Ofisi hii haina kawaida ya kutembelea wasomaji, wahariri wangu hawapendi, na magoti yangu hayapendi zaidi. Lakini hii nitaifuata mwenyewe. Kamwombe radhi mlinzi wa ghala, mwambie atafute mbwa kijana. Nitafika kwenu kabla mwezi haujaisha, na nikifika nataka nimkute Meneja nyumbani.