Filamu Aliyonipeleka Sulait

Jumamosi, 5 Agosti 1989. Jinja

Filamu ya ovyo! Saa mbili nzima nimekaa kwenye benchi, mgongo unaniuma, nasubiri mwisho — na mwisho wenyewe ndio huo?

Sulait ndiye aliyenipeleka. Eti nakaanga sambusa nje ya kibanda cha video mwaka mzima na sijaingia ndani hata mara moja, si aibu hiyo? Basi nikamwachia jirani yangu Nangobi karai, nikaingia.

Hadithi ni hii. Wanajeshi wanamchukua mume wa mtu. Mke anamtafuta. Rafiki wa mume anamsaidia, anazunguka naye, anamnunulia chakula, anambembeleza anapolia. Risasi tele, magari yanaruka. Sinema ni ya Kichina, kwa hiyo Apollo, kijana wa kibanda, yuko pembeni na maikrofoni, anatafsiri kwa kelele. Mwishoni, loo! Kumbe rafiki ndiye aliyemuuza mume kwa wanajeshi, maana alimtaka mke. Mke anajua. Anashika bastola. Anaiweka chini. Anaingia naye garini, wanaondoka, muziki. Na watu wakapiga makofi!

Nilitoka kabla muziki haujaisha. Nikamwambia Sulait huu ni uchafu, mtu anauza mwenzake kisha anapewa mke. Akasema, "Lakini alikuwa nampenda kweli, Mariat."

Jumapili, 6 Agosti

Bado naiwaza. Nimeunguza sambusa.

Mume wangu Abdu alichukuliwa mwaka wa themanini na tano, vita vilipokuwa vimechacha. Alikuwa amejificha kwa sababu alikataa kuwapa wanajeshi lori lake. Walikuja moja kwa moja hadi nyumba alimojificha kule Wanyange, wakagonga mlango, wakamwita kwa jina. Tangu siku hiyo hakuna habari. Si mzima, si maiti.

Sulait alikuwa rafiki yake. Kila kambi ya jeshi niliyokwenda kuuliza alinisindikiza. Yeye ndiye aliyejua kusema nao, afande huku, afande kule. Getini walimpiga kofi kwa ajili yangu, akasimama palepale akauliza tena. Nani mwingine angefanya hivyo? Ndugu za Abdu walikaa kwao kimya.

Sheikh amesema miaka minne imetosha. Jumamosi ijayo niende mbele yake, niseme kwa mdomo wangu kwamba mume wangu hajulikani alipo. Mashahidi wawili waseme alitafutwa, mmoja ni Sulait. Kisha nikae eda, nikimaliza niolewe na Sulait. Nimekubali. Na humu hakuna anayesoma, basi niandike: nampenda. Ilikuja polepole. Nikikumbuka nguo za Abdu bado zimo sandukuni, naona haya.

Jumatatu, 7 Agosti

Nimemshika Apollo anakunywa chai. Nikamuuliza mwisho ule ni wa namna gani.

Akacheka. "Mama, kaseti iko mbovu. Kule mwisho sauti hakuna. Mimi natunga tu."

Kwa hiyo rafiki hakumuuza mume?

"Mimi najua? Pengine iko mtu mzuri kabisa."

Nikamuuliza kwa nini basi alimfanya mbaya. Akaacha kucheka. Akasema baba yake alichukuliwa Iganga, na aliyewaonyesha askari mlango alikuwa rafiki yake wa kunywa naye chai kila siku. "Watu hapa nataka kitu yenye wanajua, mama."

Na mbona mke akaondoka naye?

"Picha naonyesha wanaenda pamoja. Sasa mimi nafanya nini?"

Kwa kweli, angefanya nini. Nilirudi kwenye karai langu na moyo mzito.

Jumatano, 9 Agosti. Mbale

Nimekuja Nabuyonga kwa Mama Khainza, mama yake Abdu, kuomba ruhusa yake. Njiani vizuizi vitatu au vinne, lakini askari wa siku hizi husalimia kwanza. Bado siwatazami usoni.

Mama alikuwa anachagua maharage. Nilipomweleza alilia, nami nikalia, maharage yakamwagika tukayaokota pamoja. Akasema, "Enda, mwanangu. Wewe si jiwe. Sulait iko mtu mzuri."

Tukarudia kuchagua. Kisha akauliza kitu ambacho hajawahi kuniuliza. "Iko kitu moja nasumbua mimi. Ile nyumba ya Wanyange mlikuwa mmehamia tu. Mimi mama yake sikujua iko wapi. Askari walijua namna gani?"

Nikasema sijui.

Abdu alikataza tusimwambie mtu. Tulihama na kitanda kimoja na sufuria. Upande mmoja wa kitanda alishika Abdu. Upande wa pili alishika Sulait.

Alhamisi, 10 Agosti

Nimerudi Jinja. Acha, Mariat, acha! Filamu mbovu, imeshonwashonwa na Apollo, na mimi naenda kumvika ubaya wake mtu aliyepigwa kofi kwa ajili yangu. Wavuvi wa Wanyange walituona. Wauza samaki walituona. Mtu yeyote angeweza kusema. Ni dhambi kumdhania hivi.

Nimepiga pasi gauni la Jumamosi.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandika chumbani, daftari juu ya goti. Sulait yuko sebuleni.

Amekuja kunichukua twende kwa sheikh. Kanzu nyeupe, kofia mpya, amependeza. Nilikuwa namimina chai. Sikupanga kumuuliza, lilitoka lenyewe: Sulait, nani aliwaonyesha wanajeshi nyumba ya Wanyange?

Nilitaka akasirike! Nilitaka aape, anigombeze, aniulize nimerukwa na akili. Ningemwamini. Wallahi hata angeapa uongo ningemwamini na kufurahi.

Aliweka kikombe chini. Akauliza, "Nani ameongea na wewe?"

Basi. Hakuapa. Nikamwambia naenda kuchukua mtandio.

Abdu. Walipokuita kwa jina ulinitazama mimi. Ulidhani ni mimi niliyesema? Uliondoka unadhani hivyo?

Ninamsikia Sulait pale nje ya pazia. Haondoki, haji. Shahidi wa pili amefika, wanasalimiana. Anamwambia mambo ni mazuri, alhamdulillahi, mama anajitayarisha. Sauti yake ileile.

Nikisema hapana, nani atasimama shahidi kwamba nilimtafuta mume wangu? Hakuna mwingine aliyekuwepo; huyu wa pili anajua alichosimuliwa na Sulait tu.

Ananiita sasa. Kwa upole. "Mariat, sheikh nangoja sisi."

Mtandio nimeshajifunga. Nimejifunga saa ngapi?