Eeddo na Kundi la Mbuzi Mmoja

Garissa, Jumatano, 1967. Upepo umevuma tangu asubuhi, vumbi mpaka ndani ya maziwa ya mtoto. Nimechoka, na sijui nianze na lipi.

Mama mkwe wangu, ninayemwita Eeddo, ana presha. Dresa wa zahanati alimpa vidonge, kisha akanigeukia mimi: vidonge peke yake havitoshi. Apunguze chumvi na mafuta, atembee kila siku, asikae na mawazo.

Asikae na mawazo! Ngamia wamechukuliwa na serikali kwa ajili ya vita vya shifta, tumehamishiwa ndani ya kambi hii ya waya na askari wako langoni, na mwanawe, mume wangu, yuko safarini na lori upande wa Modogashe.

Tuligombana kwanza juu ya chumvi. Kwetu, mke wa mwana akileta mchuzi usio na chumvi, ana jambo moyoni. Eeddo aliusukuma mbele ya majirani. "Naa, mke wa mwanangu, nimekukosea nini? Sema kwa mdomo, usiseme kwa sufuria."

Nikaenda jikoni, nikalia. Lakini chumvi sikuongeza. Hata nyirinyiri, nyama yake iliyokaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, niliwapa majirani.

Kutembea kulinishinda zaidi. Nilimwambia awe anazunguka kando ya waya. Akanitazama kama nimemtukana. "Nizunguke namfuata nani? Anayetembea bila mnyama mbele yake ni mwendawazimu."

Hapo kosa lilikuwa langu. Huyu mama ametembea maisha yake yote, lakini hajawahi kutembea bure.

Basi nikamfungua mbuzi wetu wa maziwa. Nikasema, Eeddo, huyu amekonda, na mimi nina mtoto mgongoni.

Alichukua fimbo.

Sasa wanazunguka asubuhi na alasiri, kabla ya saa ya kufungiwa. Leo jirani yetu Halima alimchokoza: "Eeddo, kundi lako lote ndilo hilo?"

"Wewe je? Kwako hata mkia hakuna!"

Wanawake walicheka sana, na Eeddo naye akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuletwe hapa.

Baadaye dresa alimpima. Presha imeshuka kidogo. Amesema tuendelee hivyo hivyo, na vidonge asiache.

Ningefurahi. Lakini tulipokuwa tunarudi kutoka zahanati, nilisikia watu wakisema langoni kwamba lori moja limekanyaga bomu barabara ya Modogashe. La nani, hakuna anayejua. Eeddo alikuwa nyuma, anamwapiza mbuzi aliyekula kamba. Hakusikia.

Nimempikia, nimemnyonyesha mtoto, nimetabasamu. Mimi pia nina moyo, na hakuna anayeupima.

Ya Rabi, lisiwe la mume wangu.

Nitanyamaza mpaka nijue ukweli. Na ikibidi nimwambie, sitamwambia ameketi. Nitamshika mkono, nimwambie tukiwa tunatembea.